Nukta Isiyosogea

Pete anayovishwa ndege mdogo ina uzito wa punje mbili za mchele, labda hata pungufu. Ni kipande cha alumini kilichokunjwa mviringo, na juu yake pamechapwa nambari na anwani kwa herufi ndogo mno hivi kwamba mtu wa umri wangu lazima asogee dirishani ndipo azisome. Haina betri, haina waya, haina chipu. Haiwezi kumwambia mtu yeyote ndege yuko wapi. Inachosema ni kimoja tu: ukiniona, niandikie.

Hapo ndipo penye utamu wote wa jambo hili, na uchungu wake. Manake mara nyingi anayeiona hiyo pete ni yule aliyemkuta ndege amekwisha kufa. Paka amemleta mlangoni, ama amegonga kioo, ama amenasa kwenye wavu wa samaki. Halafu huyo mtu, ambaye hadaiwi chochote na mtu yeyote, aamue kutoitupa pete, atafute kalamu, aandike nambari, aulize posta ya wapi. Sayansi nzima imejengwa juu ya adabu ya watu wasiojuana. Mimi nikilifikiria hilo huwa nashangaa kwamba tunajua chochote.

Watu walichukua muda mrefu kufikia wazo rahisi kama hili. Ulaya, kwa karne nyingi, wasomi waliamini kwamba mbayuwayu hujizika kwenye matope ya maziwa baridi ikija. Aristotle aliandika kwamba ndege wa aina moja hugeuka wakawa wa aina nyingine majira yakibadilika, na nani angembishia Aristotle? Kisha mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, akapigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umepenya shingoni, mkuki wa urefu wa karibu sentimita 80, uliotengenezwa kwa mti wa Afrika. Alikuwa amepigwa huku kwetu, akashindwa kufa, akaruka nao mpaka kwao. Yupo hadi leo, amekaushwa, Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki ukiwa pale pale. Mimi humhesabu yule mrusha mkuki kuwa ndiye mvisha pete wa kwanza wa Afrika, ingawa nia yake ilikuwa kitoweo.

Pete zenyewe zilianza kwa utaratibu mwaka 1899, mjini Viborg, Denmark, kwa mwalimu aliyeitwa Hans Christian Mortensen, aliyewavisha kwezi vipande vya alumini vyenye nambari na anwani. Mei 1911 wakili mmoja wa Staffordshire, Uingereza, John Masefield, akamvisha pete mbayuwayu aliyejenga kiota nyumbani kwake. Desemba 1912 ndege yule akapatikana shambani huko Natal, Afrika Kusini, na mtu mmoja wa huko akaandika barua. Barua moja ikamaliza mabishano ya miaka elfu mbili.

Mimi niliingia katika mambo haya kwa mlango wa nyuma. Nimezaliwa upande wa Mtito Andei, kando ya barabara ya Mombasa, ambapo Tsavo ni jirani anayekula mahindi yako na huwezi kumshtaki. Ndege kwetu walikuwa wa aina tatu: wanaoliwa, wanaokula mtama, na wengine. Kwa manati nilikuwa hodari. Lakini rafiki yangu niliyesoma naye sekondari alikuwa mtu wa Nairobi wa kuhesabu ndege siku za mapumziko, na Novemba moja akanipigia simu: walikuwa wamepungukiwa na mtu wa kubeba mifuko huko Ngulia. "Si wewe ni wa huko?" akaniuliza, kana kwamba mtu wa Mtito huamkia hotelini kwenye mbuga kila asubuhi.

Ngulia ni hoteli iliyojengwa kwenye ukingo wa mteremko wa Ndawe, Tsavo Magharibi. Ilipofunguliwa mwaka 1969 waliweka taa kali za kumulika wanyama wanaokuja kunywa maji usiku. Hawakujua wamejenga kitu kingine kabisa. Kati ya mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, mvua za vuli zikiwa zimeanza, ukungu hupanda mteremko ule usiku na kufunika kila kitu. Wakati huo huo, huko juu, maelfu kwa maelfu ya ndege wadogo kutoka Ulaya na Urusi wanapita kuelekea kusini. Ndege hawa husafiri usiku. Usiku wenye mwezi hawasumbuki, wanapita zao. Lakini mwezi ukikosekana na ukungu ukaja, wanapotea njia, na taa ya hoteli ndiyo kitu pekee kinachoonekana. Wanashuka kwenye mwanga kama kumbikumbi.

Tangu mwaka ule wa 1969 watu wamekuwa wakikusanyika hapo kila msimu, kazi iliyoongozwa kwa miongo mingi na watu kama Graeme Backhurst na David Pearson, na ndege waliovishwa pete wamefika mamia ya maelfu. Wanapanga safari kwa kalenda ya mwezi. Usiku wangu wa kwanza haukuwa na kitu. Nyota zote zilikuwa nje, nyavu zimetulia, na wazee wawili wenye koti za mvua wakitazama mbingu kwa hasira kama wakulima wa kwetu mwezi wa tatu.

Usiku wa pili, saa nane hivi, ukungu ukaja. Hauji kama mvua, hauna sauti. Unaona taa zinapata duara la weupe kuzizunguka, halafu mti ulio hatua ishirini unaondoka. Kisha unasikia. Nilidhani ni watu wananong'ona. Ni sauti za ndege, "tsik", "trrr", kutoka kila upande na kutoka juu, na mbawa zikipita karibu na uso wako. Nyavu zile ni nyembamba kama soksi za wanawake, hazionekani gizani, zina mifuko mifuko ambamo ndege huangukia na kulala kama mtoto kwenye kanga. Kazi yangu ilikuwa kupokea. Mtaalamu anamtoa, kwanza miguu, halafu bawa moja, halafu la pili, halafu kichwa, bila papara. Anamtia kwenye mfuko wa kitambaa. Mimi nabeba mifuko, kumi mkono huu, kumi mkono ule, kila mfuko ukiwa na kitu kidogo kinachopumua. Kulikuwa na askari pamoja nasi, manake nyati haulizi kama uko kwenye utafiti.

Mezani kuna mstari wa watu usingizi umewatoka. Mmoja anavisha pete kwa koleo lenye matundu ya ukubwa mbalimbali, moja kwa kila saizi. Anapima bawa kwa rula. Anapuliza manyoya ya kifuani yafunguke, atazame chini ya ngozi kama kuna mafuta. Na hilo ndilo lililonishika. Ngozi ya ndege mdogo ni kama nailoni, unaona ndani. Mwenye akiba ana kitu cha rangi ya siagi kwenye shimo la koo. Asiye nayo ana wekundu mtupu. "Huyu ataendelea usiku huu," jamaa anasema, "huyu lazima ale kwanza." Halafu anamtia kichwachini kwenye kikopo kidogo juu ya mizani, miguu ikielea hewani, na kusoma gramu: kumi na mbili. Naandika. Kumi na moja na nusu. Naandika. Ndege aliyetoka upande wa Volga, na anaelekea Zambia, ana uzito wa shilingi ngapi za sarafu? Nilitia mkono mfukoni kupima kwa kukisia.

Siwezi kusema hakuna anayekufa. Wapo wachache wanaokufia mkononi, kwa uchovu ama kwa hofu, na hapo meza nzima hunyamaza. Mtu akikuambia kuvisha ndege pete hakumsumbui ndege, usimwamini. Kinamsumbua. Swali ni kama tunachokipata kinalipa usumbufu ule, na wavisha pete ninaowaheshimu ni wale ambao swali hilo bado linawakosesha raha.

Wengi waliokuja usiku ule walikuwa wa aina moja, ndege wa kahawia asiye na alama yoyote, ambaye ukimwona kwenye kichaka cha mkwaju hutageuka mara ya pili. Vitabu vinamwita Acrocephalus palustris. Anazaliwa Ulaya, kwenye vichaka vya mtoni, na baada ya miezi michache tu anafunga safari ya kuja Afrika. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alimchunguza huko Ubelgiji na mwaka 1979 akachapisha aliyoyapata: kwamba dume wa ndege huyu hana wimbo wake hasa, wimbo wake wote umeokotwa. Ameuiga kwa ndege wengine. Na kwa wastani kila dume huiga aina 76, na kati ya hizo 45 ni za Afrika. Yaani anakaa mwaka wake wa kwanza akisikiliza, anapita Ethiopia, anapita Tsavo, anafika kusini, kila anaposimama anachukua kipande. Halafu anarudi Ulaya kuoa kwa nyimbo za huku. Dowsett-Lemaire, kwa kusikiliza nyimbo, aliweza kukisia ndege hawa hupitia wapi na hukaa wapi.

Niliposimuliwa hayo, saa kumi alfajiri, na chai ya strungi mkononi, niliomba nimshike mmoja. Huwa wanamshika shingo ikiwa katikati ya vidole viwili, kwa wepesi. Moyo wake hauhesabiki. Ni mtetemo tu, kama simu iliyo kwenye vibresheni. Nikawaza: labda huyu anajua kuiga ndege wa uwanja wa mama yangu.

Sasa hesabu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba kifaa anachobebeshwa ndege kisizidi asilimia 3 ya uzito wake, wengine husema 5. Chukua ndege wa gramu 12. Asilimia 3 ni chini ya nusu gramu. Hakuna kifaa cha setilaiti cha uzito huo. Kwa hiyo hata leo, katika zama hizi ambapo mtu anafuatilia pikipiki ya mboga kwenye simu, ndege mdogo bado hana cha setilaiti. Wanaovaa setilaiti ni wakubwa: korongo, tai, tumbusi, mwewe, na kidogo kidogo wenye uzito wa wastani. Hata mbinguni kuna wenye simu na wasio na simu.

Kifaa chenyewe hufanya kazi kwa njia ambayo mtu wa barabara ya Mombasa anaielewa bila shule. Lori likija kwa kasi huku limefinya honi, sauti ni kali. Likikupita, sauti inashuka. Katika mfumo wa Argos, kifaa kinalia mawimbi ya redio, setilaiti inapita juu, na kwa jinsi mlio unavyopanda na kushuka inapiga hesabu kifaa kiko wapi. Vingine vinatumia GPS na kutuma majibu kwa mtandao wa simu, kama vile SMS: ndege akipita penye mlingoti, anaripoti. Huendeshwa kwa mwanga wa jua, hufungwa mgongoni kama mkoba wa mtoto wa nasari, na kimoja chaweza kugharimu dola elfu kadhaa. Mwaka 2018 kikundi kimoja cha Poland kililetewa bili ya simu ya zaidi ya zloti 10,000 kwa sababu kifaa cha korongo wao kilikuwa kimeishia Sudan, na mtu aliyekiokota akatoa laini akapiga simu hadi akaridhika. Sijui kwa nini kisa hiki hunifurahisha hivi. Labda kwa kuwa ni mara moja ambayo habari zilienda upande wa pili.

Si wote wanaopokea chombo kwa kicheko. Agosti 2013, huko Qena, Misri, korongo aliyeitwa Menes alikamatwa na kufikishwa polisi kwa kushukiwa ujasusi, sababu ya kile kitu mgongoni. Wakamchunguza, wakamwachilia. Haikupita muda akaliwa na wanakijiji. Tulimcheka sana Menes mtandaoni, lakini nitasema kitu: mwanakijiji anayeona ndege ana chombo cha ng'ambo kinachomulika si mjinga akiuliza kinamwangalia nani.

Mwaka 2020 tulikuwa tumefungiwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi, kafyu ikaanza kabla mwezi kwisha, na Aprili Nairobi ikafungwa, huingii hutoki. Mimi nilikuwa ndani ya bedsita, na rafiki yule yule akanitumia ramani. Alikuwa kekeo, yule ndege anayetaga kwenye kiota cha mwenzake, jina lake Onon. Walimvisha kifaa Mongolia mwaka 2019, na watoto wa shule wakampa jina la mto wa kwao. Machi hiyo ya 2020 aliondoka Zambia kurudi nyumbani. Akapita Kenya. Nilikitazama kile kidoto kikiwa ndani ya mipaka yetu na nikajihisi kama mwenye nyumba aliyepitiwa na mgeni bila kubisha hodi. Akavuka Uarabuni, akavuka India na Bangladesh, na mwisho wa Mei alikuwa Mongolia. Kilomita 12,000, nchi 16, na hakuna aliyemweka karantini. Watu dunia nzima walikuwa wakimshangilia Twitter kama Kipchoge. Mimi nilikuwa sijafika hata Athi River kwa miezi miwili.

Basi ndivyo nilivyompenda Onon: kwa wivu. Lakini kuna nukta nyingine niliyokuja kuijua, ambayo haikwenda popote.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, anafuga ng'ombe upande wa chini ya vilima vya Chyulu. Mwaka 2019 simba waliingia bomani kwake mara mbili katika wiki moja, wakaua ng'ombe watatu, mmoja wao akiwa na mimba. Alijaza fomu za fidia. Alipiga picha, akamleta chifu, akaandikiwa, akagongewa muhuri, akapewa nambari. Ofisi ikamwambia asubiri.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu tumbusi, ambao huku kwetu wengi tunawaita tai tu. Hawana wa kuwatetea. Sura mbaya, kipara, chakula chao ni mzoga. Lakini walipokwisha India kuanzia miaka ya 1990, kwa sababu ya dawa ya maumivu ya mifugo iitwayo diklofenaki iliyobaki ndani ya mizoga, mbwa walijaa kula kilichoachwa, na kichaa cha mbwa kikafuata. Huku Kenya, watafiti akiwemo Munir Virani walilinganisha hesabu za Mara za miaka ya 1976 hadi 1988 na zile za 2003 hadi 2005, na kukuta tumbusi wamepungua kwa zaidi ya nusu. Sababu kubwa ni sumu. Na sumu yenyewe hailengwi wao. Simba au fisi ameua ng'ombe, mwenye ng'ombe ananyunyiza dawa ya wadudu kwenye kilichobaki, na kabla simba hajarudi, tumbusi themanini wamekwisha shuka. Majangili nao huwawekea makusudi, kwa kuwa tumbusi wakizunguka angani askari wa mbuga hujua pa kwenda.

Vifaa ndivyo vilivyofundisha mengi ya haya. Tumbusi wa Mara waliofungwa vifaa vya kutuma ujumbe kwa mtandao wa simu, kazi ya Corinne Kendall na wenzake, walionyesha kwamba hawawafuati nyumbu kama sote tulivyodhani. Wanafuata vifo. Panapokauka, panapokonda mifugo, ndiko wanakokwenda, nje ya mbuga, mbali na askari, kwenye mashamba na malisho ya watu kama Mjomba. Na kifaa kina jambo jingine. Nukta ikisimama siku moja, tumbusi ameshiba. Ikisimama siku mbili, mtu anapewa gari.

Mwaka 2021, kiangazi, gari likafika kwa Mjomba. Vijana wanne, heshima tele, shikamoo mzee, wakamwonyesha simu yenye ramani. Walikuwa na tumbusi wao, nukta yake ilikuwa imesimama nyuma ya malisho yake tangu juzi. Wangependa kupita. Hawakusema neno sumu. Mjomba naye si mtoto, alilisikia.

Wakaenda naye. Walimkuta chini ya nguzo ya stima, mabawa yametandazwa, mguu mmoja umeungua. Nyaya. Hutokea sana kwa ndege wakubwa: wanatua kutafuta mahali pa juu pa kupumzikia, bawa moja linagusa huku, jingine kule. Vijana walichukua sampuli hata hivyo, wakafungua mkoba mgongoni mwa ndege, wakashukuru, wakaondoka.

Mjomba alinisimulia hayo Desemba, tukiwa tumekaa nje, mbuzi ameisha, na nilikuwa nimeanza kumweleza kwa furaha habari za Ngulia na za ndege anayeiga nyimbo. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema:

"Mpwa wangu, hebu nieleze wewe uliyesoma. Hao watu walijua ndege wao amekufa kwa siku mbili. Wakaendesha gari kutoka huko kwao mpaka hapa, mpaka chini ya nguzo. Ng'ombe wangu nimewaambia mimi mwenyewe, kwa mdomo na kwa karatasi. Huu mwaka wa pili. Ama ningemfunga ng'ombe kile kimkoba?"

Nikasema hao ni watu tofauti, Mjomba, wa ndege si wale wa fidia.

"Kwako ni tofauti. Kwangu wote wanakuja na gari la kijani."

Kisha, bila mimi kumuuliza, akasema kitu ambacho nimekibeba tangu siku ile. "Dawa nilikuwa nayo. Ile ya usiku wa pili, baada ya yule mwenye mimba. Jirani aliniletea kwenye chupa ya soda. Niliiweka juu ya kabati, nikakaa nikiitazama. Shangazi yako akaniambia, mbwa wetu watakula nini? Nikaimwaga choo."

Kwa hiyo, katika hesabu ya tumbusi wa Tsavo na Chyulu, kuna namba ambayo haimo katika kitabu chochote: wale ambao hawakufa usiku ule kwa sababu Shangazi aliwakumbuka mbwa. Hakuna setilaiti inayoona jambo ambalo halikutokea. Nukta ziliendelea kusogea, na yeyote aliyekuwa akizitazama ofisini alikunywa chai yake bila kujua.

Simlaumu Mjomba kwa kuiweka ile chupa juu ya kabati. Wala simsifu mno kwa kuimwaga, hata yeye hajisifu. Ninachokasirikia ni kwamba tumefikia ufundi wa kumfahamu tumbusi mmoja mmoja kwa jina, tukajua kalala mti gani, na bado tunataka mfugaji mwenye ng'ombe watatu waliokufa alipie ulinzi wa mbuga kutoka mfukoni mwake. Rafiki yangu wa pete husema huo si mjadala wake, yeye ni wa ndege. Mimi nadhani ni mjadala wake kuliko wa mtu yeyote. Kifaa kimemwonyesha kwamba ndege wake anaishi kwa Mjomba.

Taa alizifunga mwenyewe. Ni zile za kuwaka na kuzima kuzunguka boma, wazo alilobuni Richard Turere akiwa mvulana wa Kimaasai anayechunga karibu na Mbuga ya Nairobi, baada ya kugundua kwamba simba huogopa taa inayotembea. Mjomba alinunua paneli ndogo ya sola na betri ya pikipiki, fundi wa Kibwezi akamalizia. Tangu hapo simba wamepita, nyayo anaziona, lakini hawajaingia. Usiku, ukiwa mbali, boma linaonekana kama disko.

Januari 2022 kulikuwa na habari ya ndege aliyeokotwa Siaya, tai wa kuvua samaki, amedhoofika, mguuni ana pete ya makumbusho ya Helsinki, Finland. Karibu kilomita 7,000. Alipelekwa kituo cha kutibu ndege huko Soysambu, lakini hakupona. Nilimtumia Mjomba habari ile kwenye WhatsApp, pamoja na picha ya pete. Alijibu kwa emoji ya dole gumba, nikajua amechoka nami.

Lakini mwaka jana, mwezi wa tisa, simu ikalia na picha ikaingia bila maelezo. Ilikuwa imepigwa kwa mbali, imevutwa hadi ikachanika. Tumbusi kwenye mbale ya ng'ombe aliyejifia kwa ukame, na kwenye bawa lake kibandiko cha plastiki chenye nambari. Dakika mbili baadaye ujumbe ukafuata: "Huyu ni wa nani?" Na mwingine: "Ni mzima. Anakula."

Niliituma mbele kwa rafiki yangu, naye akaituma mbele kwa wanaohusika. Jibu lilirudi kwa siku mbili: alivishwa wapi, lini, ana umri gani wa kukadiria, na asante nyingi kwa mzee. Nikampigia Mjomba nikamsomea yote. Akaniuliza kama amewahi kuonekana sehemu nyingine tangu avishwe. Nikamwambia hapana, wewe ndiye wa kwanza. Akanyamaza kidogo.

"Siku mbili," akasema. "Haya. Sasa niulizie na ile nambari yangu nyingine." Akaanza kuisoma, polepole, tarakimu moja moja, ile ya kwenye fomu yenye muhuri, na mimi nikatafuta kalamu.